Kabla ya Kujenga Maktaba, Someni Mtaa Kwanza

Tukiulizwa maktaba ni nini, wengi wetu tutajibu haraka: ni nyumba ya vitabu. Jibu hilo si la uongo, lakini limetuletea hasara mijini. Ukishasema ni nyumba ya vitabu, utaanza kufikiria vitabu: rafu ngapi, kufuli ngapi, ukuta uwe mrefu kiasi gani visiibwe. Mtu wa kuvisoma atafikiriwa mwisho. Na mtu huyo mara nyingi ni mtoto wa shule anayeishi na wenzake watano katika chumba kimoja, taa ni moja, redio ya jirani inalia, na kesho ana mtihani. Huyu hakosi kitabu tu. Amekosa mahali.

Kwa hiyo katika somo hili tutajifunza jinsi maktaba ya mjini inavyofaa kuchorwa ili ipatane na mtaa inaposimama. Msidhani ni somo la wasanifu wa majengo peke yao. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Lakini tunajua vile mambo huenda. Mkutano wa kutoa maoni unaitwa, plani inabandikwa ukutani ikiwa imeshakamilika, tunaulizwa kama tumefurahi, tunapiga makofi, tunakunywa soda, tunaenda nyumbani. Kikundi kinachojua cha kuuliza hakitapiga makofi ovyo. Tena kitauliza mapema, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

MAKTABA MBILI ZA NAIROBI

Wacha tuanze na jengo ambalo wengi wamelipita. Maktaba ya McMillan iko Banda Street, katikati ya jiji la Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa hapa Kenya. Ni jengo la fahari: nguzo nene mbele, ngazi pana, na simba wawili wa mawe wakilinda mlango. Hata ina sheria yake maalum ya Bunge.

Je, jengo hili lilipatana na mazingira yake? Lilipatana sana, na hapo ndipo pana funzo. Lilichorwa kwa ajili ya mji wa watawala, na kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kusoma humo. Zile ngazi na nguzo zilisema wazi nani mwenye nyumba na nani mpita njia. Baadaye milango ilifunguliwa kwa wote, na kila kizazi cha wanafunzi wa Nairobi kimesoma chini ya dari zile za juu. Lakini ngazi zilibaki ngazi. Mtu wa kiti cha magurudumu akifika mbele ya wale simba hawezi kupanda bila kubebwa, na sheria ya kuruhusu watu wote haipunguzi ngazi hata moja. Kilichochorwa kwa ajili ya wachache huendelea kuzungumza hata baada ya wenyewe kuondoka.

Sasa twende Kaloleni, upande wa Eastlands. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba zake ni za chini, zimezunguka viwanja vya wazi, na ukumbi wake wa jamii ulipata sifa kwa mikutano ya siasa ya kupigania uhuru. Maktaba ya Kaloleni ni ndogo. Haina simba. Lakini mtoto anatoka nyumbani akiwa na kandambili, anafika kwa miguu, bila nauli na bila kuvuka barabara kuu. Pamoja na ile ya Makadara, ni tawi la McMillan.

Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, ambalo baadaye lilikubaliana na Kaunti ya Nairobi kuzitengeneza maktaba hizi tatu. Kazi ilianza kumalizika kwenye matawi mawili ya Eastlands kabla ya jengo kubwa la katikati ya mji. Tunaonelea mpango huo una akili. Jengo la fahari linaweza kungoja kidogo. Mtoto aliye karibu na mlango hangoji, kwa maana anakua.

Tukiziweka maktaba hizi mbili kando kwa kando tunapata kipimo cha kwanza cha somo letu. Usiulize tu kama jengo ni zuri. Uliza: limemgeukia nani uso, na limempa nani mgongo?

JAMBO LA 1: WATU WANAPITA WAPI?

Mara nyingi maktaba hupewa ploti iliyobaki: nyuma ya ofisi, kando ya mto, mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kujenga kitu kingine. Halafu baada ya miaka miwili tunaambiwa ati watu wetu hawapendi kusoma. Lakini hata duka likijengwa huko, halitauza.

Mji wa London ulipitia shida kama hiyo. Katika eneo la Tower Hamlets, mashariki mwa mji, ambako kuna watu wa kipato cha chini na wahamiaji wengi, maktaba za zamani zilikuwa zimepoteza wasomaji. Kwenye miaka ya 1990 halmashauri iliwauliza wakaaji wanataka nini. Wengi walijibu kwamba wanataka maktaba iwe karibu na pale wanaponunua vitu, na ifunguliwe saa ambazo mtu wa kazi anaweza kufika. Halmashauri ikaanza kujenga maktaba za aina mpya zilizoitwa Idea Store. Ile ya Whitechapel ilifunguliwa mwaka 2005, kando ya soko la barabarani. Msanifu wake, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam. Kuta zake ni za vioo vyenye mistari ya rangi ya buluu na kijani, zikifuata rangi za maturubai ya vibanda vya soko pale chini. Ndani mna vitabu, madarasa ya watu wazima, na mahali pa kunywa chai. Mama anayetoka kununua viazi anaingia na kikapu chake, na hakuna anayeshangaa.

Hapa kwetu, mahali kama hapo ni pale steji ya matatu, soko, shule na kituo cha afya vinapokaribiana. Ploti ya hapo ni ghali, kweli. Lakini maktaba ndogo mahali pa watu wengi ina faida kuliko kubwa mahali pa mbuzi.

JAMBO LA 2: MLANGO NA UKUTA

Mlango ni maneno ya kwanza ambayo jengo humwambia mtu. Kama kuna ukuta mrefu wenye chupa juu, geti jeusi lisiloonyesha ndani, na askari anayeuliza unaenda wapi, mtoto mwenye viatu vilivyotoboka atageuka kabla hajajibu. Afadhali ua unaoonyesha ndani, ili mtu wa nje awaone watu wanasoma na kujua pako wazi.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Kwa hiyo ulizeni juu ya mteremko wa kiti cha magurudumu, na mpime wenyewe. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, mteremko uwe na sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 zinafanya sentimita 45. Basi mteremko wake unahitaji mita 5 na sentimita 40. Kwenye plani nyingi mteremko unachorwa wa mita mbili hivi, mkali kama paa. Huo ni wa kuonyesha wageni tu.

Na je, akina mama wa mahindi na wauza maji walio nje? Mara nyingi jambo la kwanza ni kuwafukuza ili jengo lipendeze. Hebu tufikirie tena. Mama wa mahindi anakaa pale mpaka usiku. Anajua watoto kwa majina, na moto wake ni taa ya barabarani. Msichana anayetoka maktaba saa moja na nusu jioni yuko salama zaidi akipita mbele ya vibanda vitano kuliko akipita kando ya ukuta mtupu wa mita mia. Mchoro mzuri utawapa wachuuzi mahali pao: ukingo wenye kivuli, maji, na pipa la taka.

JAMBO LA 3: KELELE

Mji hauwezi kunyamazishwa. Matatu itapiga honi, seremala atapiga nyundo, na mhubiri wa barabarani ana kipaza sauti chake. Msanifu mwenye busara hashindani na kelele, anazipangia vyumba.

Vyumba visivyoumizwa na kelele viwekwe upande wa barabara: mapokezi, fotokopi, kompyuta, vyoo, chumba cha mikutano, pahali pa watoto wadogo kuimba na kusimuliwa hadithi. Chumba cha kusoma kimya kiwe nyuma, kikitazama uwanja wa ndani. Hivyo vyumba vya mbele vinakuwa kama blanketi. Tukumbuke pia kwamba mstari wa miti unapendeza na kuleta kivuli, lakini sauti inapenya katikati ya majani. Kinachozuia sauti ni ukuta wa mawe au tofali usio na matundu.

JAMBO LA 4: JUA, MVUA NA GIZA

Nairobi iko karibu sana na Ikweta, na hilo linarahisisha kazi ya mchoraji kama atakubali kufikiri. Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, nalo huingia moja kwa moja kwenye madirisha ya mashariki na magharibi, likachoma macho na kufifisha karatasi. Jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi. Hata mwezi wa Juni au Disemba, linapokwenda mbali zaidi, haliinami kupita digrii 25 hivi. Kwa hiyo madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na paa litokeze nje mita 1 juu ya dirisha la urefu wa mita 2. Mwanga wa adhuhuri utaingia bila jua lenyewe, na bili ya stima ya mchana itapungua. Kuta za mashariki na magharibi ziwe na madirisha machache, au zipakane na ngazi, stoo na vyoo.

Mvua nayo haingoji kuulizwa. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita mraba 300, mvua ya milimita 20 ikinyesha jioni moja, litamwaga lita 6,000. Maji hayo yatakwenda wapi? Kama hakuna tangi na mtaro, yataingia kwenye nyumba za mabati zilizo chini ya ploti. Hapo maktaba itakuwa imewaletea majirani mafuriko kabla ya kuwaletea kitabu. Tangi likiwepo, maji hayo hayo yataosha vyoo na kumwagilia miti kwa siku nyingi.

Kisha giza. Hapa kwetu huingia karibu saa moja usiku mwaka mzima. Mtoto anatoka shule saa kumi au kumi na moja. Maktaba ikifungwa saa kumi na moja, tumejenga nyumba ya watu wasio shuleni wala kazini. Saa za kufungua si jambo la kuamuliwa baadaye. Huanzia kwenye plani. Chumba cha kusomea kinaweza kuwa na mlango wake upande wa barabara, choo chake na taa zake, ili kibaki wazi hadi saa mbili usiku huku sehemu ya rafu imefungwa. Kwa njia hiyo mfanyakazi mmoja na askari mmoja wanatosha. Jengo lenye mlango mmoja na swichi moja ya stima halitaweza kufanya hivyo hata wakubwa wakitaka.

JAMBO LA 5: UZITO NA UTUNZAJI

Vitabu ni vizito kuliko vile watu hudhani. Sakafu ya chumba cha rafu zilizobanana hupangiwa kubeba karibu kilo 730 kwa kila mita mraba, kiasi cha mara tatu ya sakafu ya ofisi. Kwa hiyo msikubali kirahisi mtu akiwaambia kwamba orofa ya ofisi kuu kuu itageuzwa maktaba wiki ijayo. Injinia aipime kwanza. Tena rafu zote zikiwekwa chini kwa sababu ya uzito, watu watapandishwa ngazi. Inafaa mchoraji aeleze amegawanyaje: rafu nzito chini upande wa nyuma, na watu chini upande wa mbele.

Juu ya utunzaji tunao mfano wa kusikitisha. Mji wa Medellín, Kolombia, ulijulikana kwa mauaji na biashara ya dawa za kulevya. Mwaka 2004 mji huo ulianza kutumia magari ya kuning'inia kwenye waya kupandisha watu hadi vitongoji vya maskini mlimani, na mwaka 2007 ukafungua huko Santo Domingo maktaba kubwa, Parque Biblioteca España, yenye majengo matatu meusi kama majabali. Mahali palichaguliwa vizuri kabisa: karibu na usafiri, kati ya watu waliokuwa wamesahauliwa. Dunia nzima ilisifu. Lakini vibao vya mawe vilivyofunika kuta vilianza kubanduka, jengo likavikwa wavu ili visiangukie watu, na mwaka 2015 likafungwa. Likakaa miaka mingi hivyo. Watu wale wale walioahidiwa heshima walibaki wakitazama mlango uliofungwa.

Funzo ni kwamba kupatana na mtaa hakuishii kwenye umbo la jengo. Mtaa una mafundi wake na vifaa vyake. Kama kioo kikivunjika kitaagizwa ng'ambo, kitakaa kimevunjika. Kama paa ni la mabati ya kawaida, fundi wa jirani atalitengeneza Jumamosi. Ulizeni kila mara: hii ikiharibika, nani hapa ataitengeneza, na kwa pesa zipi?

KAZI YA KIKUNDI: KUUSOMA MTAA

Kabla ya kukutana na mchoraji au diwani wa wadi, kikundi chenu kifanye uchunguzi wa siku mbili: moja ya katikati ya wiki, na Jumamosi. Gharama yake ni daftari na kalamu.

1. Simameni kwenye ploti saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku. Kila mara hesabuni kwa nusu saa wanaopita: watoto, vijana, akina mama, wazee, wenye ulemavu.

2. Choreni ramani kwa mkono. Wekeni alama: steji, shule, kibanda, baa, mtaro, taa ya barabarani, mahali wanapoogopa kupita usiku.

3. Tazameni watoto wanasomea wapi sasa. Kuna wanaosomea chini ya taa ya duka au kwenye ngazi za ploti. Hapo ndipo maktaba imeshaanza bila jengo.

4. Fuateni maji. Baada ya mvua kubwa, tembeeni muone yanatoka wapi na kuishia wapi.

5. Waulizeni wasiosoma: fundi wa viatu, mama wa mahindi, kijana wa bodaboda. Ni kitu gani kingewafanya waingie? Wengine watataka fomu za serikali na mtu wa kuwasaidia kuzijaza. Wengine watataka gazeti, au choo safi. Andikeni yote bila kucheka.

Karatasi hizo zipelekeni kwenye mkutano. Mchoraji mzuri atafurahi, kwa sababu mmemfanyia kazi ambayo yeye angeifanya kwa mbali. Akikataa kuziangalia, mmejua mapema mna mtu wa namna gani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wenu, ni jengo gani la umma lililowapa watu mgongo? Linasema hivyo kwa ukuta, kwa ngazi, kwa saa za kufungua, au kwa askari wake?

2. Mkipewa ploti mbili, kubwa iliyo mbali na ndogo iliyo karibu na soko, mtachagua ipi? Kila mmoja atoe sababu.

3. Nani atahamishwa maktaba ikijengwa, na atapata wapi mahali pengine pa kufanyia kazi?

4. Pesa zikipungua katikati ya ujenzi, ni nini cha kuondoa, na ni nini ambacho hakiwezi kuondolewa kamwe? Kubalianeni jibu sasa, mliandike, na mliweke kwenye faili ya kikundi. Siku ya kupunguza ikifika, mara nyingi cha kwanza kukatwa ni mteremko wa kiti cha magurudumu, kisha choo, kisha taa za nje. Mtu mwenye karatasi mkononi ndiye atakayeweza kusema hapana.